Kikao Kilichoahirisha Kipimo cha Mama

Mama alitokewa na uvimbe kwapani, upande wa kushoto, mdogo kama harage. Hospitalini mjini wakakata kipande kidogo cha nyama, maabara ikasema ni saratani, tena iliyohamia pale kutoka kwingine. Kwingine wapi? Eksirei ya titi haikuona kitu. Ultrasaundi nayo haikuona kitu. Daktari akaandika fomu ya MRI ya matiti, akatueleza taratibu: mashine hiyo huweza kuona kilichojificha, na wakijua ilipoanzia watajua matibabu gani yanamfaa. Mama akaikunja fomu, akaitunza mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa kuipeleka habari nyumbani, mlimani juu ya Tengeru, kwa baba mkubwa. Baba alishafariki, na kwetu mjane hafanyiwi jambo zito bila kikao cha ukoo.

Wanaume tisa wakakaa barazani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona huo uvimbe. Mimi, binti aliyeolewa, nikapewa birika la chai nizunguke nalo.

"Daktari mwenyewe hajui ilikotoka," baba mkubwa akasema. "Sasa anatafuta nini? Kipaimara cha mjukuu kipite kwanza. Shemeji ndiye mwenye nyumba; akikosekana siku ya wageni, tutasemwa."

Tutasemwa! Hasira ilinipanda mpaka chai ikamwagika kwenye visosi. Nikaendelea kuzunguka na birika. Tukasubiri wiki sita, nikapika loshoro ya wageni pamoja na Mama, yeye akikoroga mahindi na mtindi kwa mkono wa kulia tu.

Hatimaye akalazwa kifudifudi mashineni. Majibu yakaja: kidoa ndani kabisa ya titi la kushoto. Chanzo kimepatikana. Ila kwapani sasa kulikuwa na vivimbe vitatu. Daktari akasoma tarehe ya fomu, kisha akanitazama mimi.

Jumapili baba mkubwa akaja na Biblia yake, akasimama sebuleni.

"Tumshukuru Mungu. Tumesubiri, na chanzo kimeonekana."

"Shemeji, kaa," Mama akasema. Sikuwahi kumsikia akimwamuru mwanamume. "Siku ya kipaimara nilikupakulia chakula mara mbili. Ile fomu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nilingoja mtu mmoja tu aniulize kama mimi nataka kusubiri."

Baba mkubwa akakaa. Nami nikainamisha kichwa, maana hata mimi sikumwuliza.