Binti yangu kaongoza moko, nusura aniulie dume la kulimia

Wakuu habari za humu. Leo siongezi chumvi, au naongeza ya kuonja tu.

Mimi shule niliiona dirishani nikipeleka ng'ombe malishoni, kuandika nimejifunzia kwenye simu. Nipo huku Ushirombo, nalima. Dhahabu ikiita naenda machimboni, ila mimi nikiiita haiitiki.

Nina binti, Kabula, yupo la saba.

Mwaka huu wazazi tukaitwa kikao. Shule yetu ilishika mkia kata nzima, na agizo limetoka juu: ikishika tena, walimu watajieleza. Mwalimu mkuu akasema atakayefeli moko, ule mtihani wa majaribio, anarudishwa la sita, asituangushe.

Kabula akawekwa kambi shuleni. Moko asubuhi, moko jioni, karatasi zimejaa A, B, C, D. Nadhani hata uji walikuwa wanauchagua.

Moko ya kata ikaja, Kabula KAONGOZA. Nikamchinjia jogoo mkubwa mpaka mbuzi walikuwa wanamwamkia.

Sasa sikieni.

Jumamosi dume langu la kulimia, Masanja, kajaa kupe. Nikanunua dawa ya kuogeshea. Maandishi ya chupa madogo kama mayai ya chawa, nikamwita Kabula, alikuwa karuhusiwa nyumbani wikiendi. Akasoma yote kama mtangazaji wa redio.

"Haya ng'wanawane, mwanangu, kwa ndoo yetu hii niweke kiasi gani?"

Akaigeuza chupa mara mbili.

"Baba, nipe machaguo."

Nikaona si tabu. A kifuniko kimoja, B viwili, C vitatu, D chupa nzima.

"D."

"Kwa nini D?"

"Tumeambiwa ukikwama usiache wazi, weka D."

Nishamimina chupa nzima ndooni wakuu! Mama Kabula akapiga kelele toka jikoni, mpaka mji wa jirani, Runzewe, wakasikia: "Baba Kabula, unamwogesha ng'ombe au unamzika?"

Nikaifukia ile dawa shimoni. Masanja alinitazama kwa jicho ambalo hata mama mkwe hajawahi kunipa.

Kinachoniuma, huyu huyu akiwa la nne alinipimia shamba la pamba kwa kamba, akasema mbegu haitatosha. Na haikutosha.

Jumatatu nikamfuata mwalimu wake wa hesabu, dada mmoja mpole.

"Shikamoo Baba Kabula."

"Marahaba mwalimu. Mwanangu mmemfanyaje? Zamani alinipimia shamba kwa kamba, leo dawa ya ng'ombe anataka machaguo."

Akacheka, halafu macho yakamjaa machozi. "Ile kamba niliwafundisha mimi. Siku hizi nikiwatoa nje naulizwa inaongeza maksi gani. Mtoe kambini ukitaka. Ila akishuka moko ya wilaya, siwezi kumtetea. Anarudi la sita."

Nikarudi kichwa kinazunguka kama karasha la kusaga mawe. Akibaki, anafaulu hajui. Akitoka, anajua halafu anarudishwa. Nimkasirikie mwalimu? Analia. Mkuu? Hata chaki ananunua kwa hela yake mwenyewe.

Jana nikamfuata kambini, nikamuuliza mwenyewe.

"Ng'wanawane, A ubaki kambini, B utoke. Unataka lipi?"

Akafikiri muda mrefu, si kawaida yake siku hizi.

"Baba, ni hayo mawili tu?"

Wakuu, mpaka naandika hapa sijui kama kambi ndo imemkolea au binti yangu ndo karudi.

Nilichojifunza: mtoto akileta maksi furahi, ila kabla ya jogoo mpe kwanza chupa ya dawa akupimie.

Wenye watoto la saba semeni, nimjibu nini huyu? Na msinipe A na B.