Meno Manne kwenye Mdomo wa Bata

Mzee Nukta alipachikwa jina hilo kiwandani, enzi herufi za kuchapia zilipokuwa za madini ya risasi na mtu akizipanga moja moja kwa vidole. Nukta moja ikikosekana, alisimamisha mtambo mzima, bosi anune asinune. Leo magazeti yanatoka na makosa hadi kwenye vichwa vya habari, na hakuna anayeona haya. Mtu wa namna hiyo usimwambie jambo ni dogo.

Mpwa wake alimwambia hivyohivyo. "Jambo dogo tu, Mjomba. Niazime yule bata siku mbili, nimpige picha."

Bata mwenyewe alikuwa wa mbao, ana magurudumu manne na tundu la kamba kifuani. Baba yake Mzee Nukta ndiye aliyemchonga, siku ambazo baba alimtengenezea mwanawe cha kuchezea kwa mikono yake. Mdomoni alikuwa na vishimo vinne vya meno. Dada mdogo wa Mzee Nukta alikuwa akimtafuna kila aliponyimwa kitu, mpaka surua ikamchukua kabla hajatimiza miaka mitatu. Hakuacha picha hata moja. Alichoacha duniani ni vile vishimo.

Siku mbili zikawa miezi miwili. Asubuhi moja mzee alikuwa akipita zake mjini, akamkuta bata wake nyuma ya kioo cha duka. Hakuwa mmoja, walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na namba yake tumboni. Mpwa alikuwa amelitoa umbo lake kwa kalibu ya mpira, akamimina rezini, ule uji wa kemikali unaoganda ukawa mgumu, kisha akawapaka rangi ya zambarau na kuwavika kofia za wanaanga. Na kila mdomo ulikuwa na meno manne ya marehemu.

Ndani, watu wazima wenye ndevu na funguo za magari walikuwa wakibishana nani achukue namba tatu. Hao ndio wanaitwa wakusanyaji. Wananunua vitu vya kuchezea, hawavichezei, wala hawathubutu kuwapa watoto wao. Wanavifungia kabatini pamoja na maboksi yake.

"Cheki mdomo," mmoja alimwambia mwenzake. "Hadi alama za meno wameweka. Ubunifu huo."

Mzee Nukta aliingia, akajipenyeza katikati yao. Akampokonya bata yule aliyekuwa akisifu, akamlipia, akaenda naye nyumbani. Huko alimlaza kizingitini, akachukua nyundo. Rezini ikaruka vipande. Tangu astaafu, hakuwahi kujisikia vizuri namna ile.

Akawa mteja. Waliokuwa dukani aliwanunua, waliokwisha kuuzwa akawafuata majumbani, akabembeleza, akagombana, akapata. Wote waliishia kizingitini.

"Mjomba, kumbe na wewe umo?" mpwa alimwambia kwa simu, kicheko kimemjaa. "Huku wanakuita mkusanyaji mkuu."

"Waniite wanavyotaka. Bata wangu yuko wapi?"

"Yuko karakana. Namrembesha kidogo."

Alipomaliza wa kumi na mmoja, mzee alikwenda karakana mwenyewe. Bata alikuwa mezani, katikati ya makopo na karatasi za msasa. Mdomo ulikuwa laini kama yai.

"Toleo la pili nataka liwe safi," mpwa alisema. "Alikuwa na kasoro hapa mdomoni. Nimepiga msasa mpaka zikaisha, puti ya kuzibia ikamalizia. Ile kalibu ya kwanza ilishachanika, nikaitupa. Si amekuwa mpya?"

Mzee aliketi juu ya ndoo.

"Hiyo unayoiita kasoro," alisema, "ni mama yako mdogo."

"Mama mdogo gani, Mjomba? Mbona hamkuwahi kuniambia?"

"Uliwahi kuuliza?"

Akambeba bata wake kwapani, akaondoka bila kuaga.

Namba kumi na mbili alikuwa kwa daktari wa meno, mwanamke aliyekuwa na kabati la vioo kwenye chumba chake cha kutibia. Mara mbili alikuwa amekataa kuuza.

"Mzee wangu, jibu langu ni lilelile," alianza.

"Sikuja kununua. Nataka kumwona."

Daktari alifungua kabati, akamtoa. "Unajua kwa nini simuuzi? Wenzangu wanadhani haya ni mapambo. Haya ni meno ya mtoto kweli, wa miaka miwili na kitu. Ona hili la kushoto, limekaa upande. Akicheka lazima lilikuwa linachungulia."

Mzee Nukta alipapasa mdomo kwa kidole gumba. Miaka zaidi ya sitini alikuwa amevishika vile vishimo, na hilo hakuwahi kuliona.

"Alikuwa dada yangu," alisema.

Daktari alimwachia bata mikononi. "Basi afadhali. Wale wengine si unao wewe wote?"

"Nilikuwa nao. Nimewaponda kwa nyundo."

Mlangoni mgonjwa aliyekuwa akingoja alikohoa. Daktari hakumjali. Mzee alimrudisha bata kabatini mwenyewe, akamgeuza kichwa kielekee ukutani, mbali na jua la dirishani.

"Mwambie anayefuta vumbi humu," alisema kwa ukali, kana kwamba bado anasimamisha mtambo, "mdomo asiuguse."