Ufunguo wa Tatu

Watu walimwita Bibi Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka mpaka nguo yenyewe ichakae. Alikuwa fundi hodari, na alikuwa na kijicho. Tuseme ukweli, hata mwenyewe alijua.

Aliyemtia kijicho ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Zamani mambo yalikuwa kinyume. Benki ilikuwa upande huu, na kule watu walilaza pesa chini ya godoro. Mdogo mtu alikuwa akivuka na vijisenti vyake, Bibi Pindo akimshika mkono hadi dirishani, akimjazia fomu, akimcheka njia nzima. Kisha benki ya huku ikafilisika, jengo likawa ghala la saruji. Kule zikafunguliwa tatu, zikaja na bima, zikaja na mikopo ya mafundi. Sasa mdogo mtu alikuwa na vyerehani sita vya umeme. Bibi Pindo alikuwa na cherehani cha kukanyaga, na kikundi cha akina mama chenye sanduku la bati la kufuli tatu. Funguo walishika wanawake watatu, naye mmojawapo.

Mwaka huo shule ya jirani ilitaka sare mia mbili. Mwalimu mkuu alimwambia Bibi Pindo kazi ni yake, mradi ndani ya wiki mbili awe na mashine ya umeme. Pesa za sandukuni hazikutosha. Mdogo wake akavuka na habari njema: kikundi kikiweka akiba yake benki ya kule, kitakopeshwa mara mbili ya akiba hiyo, na amekwisha kuzungumza na karani. Mwenyekiti akafurahi, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji hakupona. Alisikia mdogo wake anavyotamka "benki yetu", akajiona yeye ndiye anayeshikwa mkono hadi dirishani, anajaziwa fomu. Roho ikamuuma. Jumamosi wenzake wawili walifungua kufuli zao, wakamgeukia.

"Wangu umepotea," akasema.

Mdogo wake alimtazama shingoni, palipokuwa na kamba ya ufunguo miaka yote. Walipofika mlangoni, mbali na watu, ndipo akamwambia taratibu, "Dada, kazi ni yako. Usiitupe kwa ajili yangu."

"Nimesema umepotea."

Kukata kufuli kulitaka kura ya wanachama wote, na mkutano wao ulikuwa mwezi ujao. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Bibi Pindo alikonda siku zote zilizobaki akijidai kutafuta, akikung'uta mikeka na kuinua magodoro. Siku ya kumi na tano mwalimu mkuu akapeleka kazi kwenye mashine, yaani kule kwa mdogo mtu.

Muhula ulipofunguliwa, binti mmoja wa shule alisimama mbele ya kibaraza chake kufunga viatu. Bibi Pindo hakujizuia. Aliinama akaligeuza pindo la sketi mpya. Pale penye kona mshono ulirudi nyuma mara mbili, vile vile alivyomfundisha mdogo wake walipokuwa wasichana. Akiwa ameinama hivyo, ufunguo ukachomoka kifuani, ukaning'inia.

"Bibi, unafungua nini huo?"

Akaurudisha ndani ya gauni.

"Haufungui kitu, mwanangu. Wahi shule."