Ng'ombe Niliomwahidi Mungu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, nilikuwa nimepiga magoti juu ya udongo wa Geita, nampigia Mungu kelele. Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi na mdogo wangu Masanja tulitoka kwetu Songwa, mvua zilipogoma, tukaenda kuchimba dhahabu. Mama alinikabidhi Masanja kwa neno moja tu: "Umwangalie."

Asubuhi hiyo zamu ya kushuka shimoni ilikuwa yangu. Nikamdanganya Masanja kwamba naumwa kichwa, akashuka yeye, mimi nikabaki juu napiga soga. Nakiri, nilikuwa mvivu, tena mwenye mdomo. Mara tukasikia kishindo, vumbi likatimka. Udongo ulikuwa umemfukia.

Wenzangu walishika sururu, lakini kule chini njia zilikuwa mbili, na hatukujua yuko upande gani. Nikachanganyikiwa. Kwetu sisi Wasukuma jambo zito humalizwa kwa ng'ombe: mahari ng'ombe, faini ng'ombe. Basi nami nikamwendea Mungu hivyo hivyo. "Mungu, mtoe Masanja, nakupa ng'ombe mmoja!" Nikapandisha: "Wawili!" Nikafika saba, na zizini kwetu walikuwa watatu, mmoja kilema! Wenzangu nao wakapaza sauti, kila mtu na dua yake, ikawa vurugu tupu.

Mzee Ramadhani, Msumbwa wa Kahama, mkubwa wa shimo letu, akanishika bega.

"Wee kijana, huu ni mnada? Mungu si kiziwi. Nyamaza, umwambie kilichomo moyoni."

Nilikasirika, lakini nilinyamaza, na wengine wakanyamaza. Nikaweka paji la uso chini. Moyoni hamkuwa na ng'ombe hata mmoja. Mlikuwa na hili tu: zamu ilikuwa yangu, nimedanganya, na ninaogopa. Nikamwambia Mungu hilohilo, bila sauti. Sijui nikueleze vipi, ila nilijua nimesikilizwa, kama mtu anavyojua ametuliwa mzigo kichwani.

Baada ya hapo ndipo tukasikia, kwa mbali, chuma kikigonga jiwe, upande wa kushoto. Tulichimba mpaka saa tisa alasiri, tukamtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Nikamwambia palepale kwamba sikuwa naumwa kichwa.

"Najua, kaka," akasema. "Niletee maji."

Nikisimulia haya, watu hushangilia kile chuma. Wewe shika kilichotangulia. Utulivu ulinifika kabla sijajua kama mdogo wangu yu hai. Angekufa, sikudanganyi, ningelia mpaka leo. Lakini nisingelia peke yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, likikufika la kukufika, usianze kumwahidi Mungu vitu. Tafuta mahali, hata nyuma ya nyumba, ufunge mdomo. Mwambie ukweli, hasa ule unaokuaibisha. Kisha ukae hapo kidogo, usiinuke haraka. Vijana mna haraka mno. Ng'wanone, mtoto wangu, Mungu akusikie, na akujalie kujua kwamba amekusikia.