Jasusi Aliyening'inia Darajani

Mimi niliacha shule kidato cha pili na hakuna wa kunishangaza. Wenye digrii, bisheni. Lakini juzi, kwenye duka la vitabu pale The Pearl, mtaa wa matajiri huku ughaibuni, nilibaki mdomo wazi.

Mwigizaji mzee alikuwa akisaini kitabu chake cha kumbukumbu, jinsi walivyotengeneza ile tamthilia ya kijasusi waliyoipenda wazazi wetu. Mbele yangu kwenye foleni, dada Mkenya, yaya wa watu, alimwelekezea simu ya video.

"Huyu ni baba yangu, yuko nyumbani Kenya. Siku ya mwisho wa tamthilia, TV yao ilizimika, betri ya gari waliyoiwashia iliisha jasusi akining'inia darajani. Kesho anafanyiwa upasuaji, na amekataa kwenda kabla hajajua. Jasusi alikufa ama alipona?"

Mimi ningejibu "alipona", yaishe. Mzee akaweka kalamu chini, akainuka polepole, akashika ukingo wa meza. Akaachia kidole kimoja kimoja. Wallahi, uzee ulimtoka usoni, nikamwona kijana akining'inia juu ya maji! Kisha mkono wa pili ukadaka meza, akajivuta.

"Alipona!" simu ikapiga kelele. "Mwanangu, muombe arudie! Namwita jirani, huyu mbishi tangu hujazaliwa anasema jasusi alikufa!"

Dada akatafsiri kwa aibu. Mzee akacheka, akakunja mikono ya shati. Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Nami, nisiyengoja hata chai ipoe, nikawageukia: "Tulieni! Jirani hajafika."