Mama Ndani ya Filamu

Popote ninapohamia, harufu ya mikeka mipya hunirudisha kwenye darasa letu kule kijijini Maparoni. Siku ile wanakijiji walijazana humo, mama na shangazi wakiwemo; mikeka mipya iliziba madirisha ili kuwe giza, tukaonyeshwa filamu fupi iliyopigwa kabla sijazaliwa. Ndani yake mama, bado msichana, alikuwa akitwanga mpunga. Nikajaa fahari.

"We! Mpunga mbichi huo!" shangazi alipaza sauti. "Utatoa unga, si mchele!"

Darasa zima likacheka. Kwetu, kumwambia mwanamke hajui kutwanga ni tusi. Mama akainamisha kichwa, nami nikataka kulia.

Kisha akasimama. "Nilimwambia mpiga picha haujakauka, wifi, akasema ana haraka. Lakini mbona hamsemi nilivyokuwa mzuri?"

Vigelegele vikapigwa. Shangazi mwenyewe akaomba filamu irudiwe, na mama akahamia mbele ajitazame vizuri.