Magadi Ndani ya Pipa la Lokwang

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Afisa wa Maji alinikabidhi buti za mpira, ndoo na karatasi za kupima asidi. Karatasi hizo za buluu huchovywa majini. Zikiwa nyekundu, asidi ipo. Alinipeleka kwenye mabwawa ya majitaka, akaniambia nisome rangi kabla ya kusoma ripoti. Bwawa lenye afya ni la kijani, na vijidudu vilivyomo ndivyo vinavyokula uchafu.

Mwaka wa pili bwawa la kwanza likawa la kahawia. Wafugaji walinywesha mbuzi kwenye bwawa la mwisho, hata tukiwakataza, kwa hiyo nilitafuta chanzo upesi. Nilifunua chemba moja baada ya nyingine, yaani yale mashimo yenye vifuniko, nikifuata bomba kurudi mjini na karatasi zangu. Zilibadilika rangi hadi sokoni, nyuma ya kibanda cha Lokwang, fundi wa betri za magari. Chemba iliyofuata, upande wa juu wa kibanda, ilikuwa safi.

Lokwang hakuficha. Alieleza kwa fahari kwamba kila akimwaga asidi kuukuu, huisukuma kwa mitungi miwili ya maji. Nilimwambia maji hayaiondoi risasi, ile metali ya betri, huisafirisha tu.

Afisa wa Maji alipofika, alimgeukia Lokwang.

"Kwa hiyo sumu umeilipia nauli mpaka kwenye bwawa langu?"

"Mzee, mimi nilikuwa nasaidia bomba."

Akampa siku saba apate njia nyingine, la sivyo kibanda kifungwe. Kibanda hicho ndicho kilicholisha watoto watano wa Lokwang.

Siku ya nne nilimkuta Lokwang akichanganya tumbaku na magadi yanayoletwa na kina mama wa Kataboi, kando ya Ziwa Turkana. Nikakumbuka somo la chuoni: magadi huua asidi.

"Hayo magadi unayo mengi?"

"Mama, nawe umeanza kutafuna?"

Siku ya saba, mbele ya Afisa wa Maji, tulimimina asidi ndani ya pipa la plastiki, tukatia magadi kidogo kidogo. Lokwang akaona tunachelewa, akamwaga kopo zima. Povu likapanda, likafurika, na Afisa wa Maji akaruka juu ya benchi. Soko lote likacheka, naye akacheka kuliko wote. Povu lilipotulia, karatasi ilibaki buluu, na risasi ikatua chini kama unga mweupe. Unga tuliufungia kwenye debe. Maji ya juu tu ndiyo yaliyokwenda chemba. Kibanda hakikufungwa.

Nilipohamishiwa Kakuma, ambako hakukuwa na mabomba ya majitaka ila mafundi wa betri walikuwa tele katika kambi ya wakimbizi, nilimwita Lokwang awafundishe. Wakimbizi wa Sudan walimwita mwalimu, na akarudi Lodwar akitembea kama chifu.

Nimestaafu sasa. Kibanda kinaendeshwa na binti yake. Nikipita hapo namsalimu kwa Kiturkana, "Ejok," naye hunionyesha benchi kwa kidole, bila kuinua macho kutoka kwenye pipa. Asidi kwanza, mgeni baadaye. Nami hukaa, nikingoja kwa furaha.